Namna ya Kulinganisha Bei za Chakula na Kushinda Kila Mara

Kila anayerudi Dar es Salaam kutoka mkoani ana wajibu ambao hakuna sheria iliyouandika: kuwaambia waliobaki jijini kwamba wanaibiwa. Hajatua begi, hajanawa uso, tayari anataja bei ya viazi Njombe, ya ndizi Tukuyu, ya kabichi Lushoto, na wasikilizaji wanaguna kama waliofiwa. Wajibu ni mzito na wengi wanautekeleza ovyo. Wanataja bei moja, mtu wa pembeni anauliza kaswali kadogo, "viazi vingapi?", na hoja nzima inaanguka mbele ya watoto. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Utamfaa pia mtu wa upande wa pili, yule anayetoka jijini kwenda nyumbani Makambako na anataka kuthibitisha kuwa mjini ndiko kwenye maisha. Kanuni ni zilezile, unazigeuza tu.

Kanuni mama ni kuamua matokeo kabla ya kuuliza bei. Anayeingia sokoni bila kujua anataka kuthibitisha nini atatoka na namba, na namba hazijawahi kumpendeza mtu barazani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa fahirisi za bei kila mwezi. Watu wake wanazunguka masokoni na madukani mikoani, wanafuatilia bidhaa zilezile kwa vipimo vilevile. Uliwahi kumsikia abiria wa daladala akiinukuu? Abiria ananukuu bei aliyoambiwa na shemeji yake.

Chagua msimu kwanza, soko baadaye

Chakula kina miezi yake, na mlinganishi hodari anaijua kuliko mkulima. Ukitaka mkoani paonekane pepo, panda basi kwenda Nyanda za Juu Kusini mwezi wa saba, mahindi yanavunwa na kila ua umeanikwa. Uliza bei ya debe, iandike, kisha rudi Dar na usiulize chochote mpaka Machi, wakati mahindi ya mwaka uliopita yanaelekea ukingoni na masika yanajiandaa kukata barabara za vijijini. Ramadhani ikiangukia humohumo, kama ilivyokuwa 2024 na 2025, umeokota dodo chini ya mwarobaini. Mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi na nazi vitapanda pamoja, kwa sababu jiji zima limekumbuka siku moja kwamba linapenda futari. Hapo weka bei ya Julai ya Makambako kando ya bei ya Machi ya Buguruni na usitaje miezi. Akitokea wa kuuliza miezi, muulize yeye mara ya mwisho alikwenda kwao lini. Atanyamaza.

Kipimo

Hapa ndipo penye utamu, na naomba msomaji asiharakishe.

Soko letu lina vipimo vya kumtosha kila mwongo: kilo, fungu, sado, ndoo, debe, tenga, kiroba, gunia. Wanaoanza hulinganisha kilo na kilo. Kilo ni kilo popote, mizani ikiwa haijachezewa, kwa hiyo haina msaada kwako. Wewe linganisha gunia la shambani na kilo ya gengeni.

Gunia la shambani lina siri yake. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisemea jambo hili miaka nenda miaka rudi. Lakini viazi vya Njombe vimezoea kutoka shambani kwa lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu, na ndani ya kilemba hicho kuna viazi vya kulisha familia pamoja na wageni wake. Mkulima analipwa gunia moja. Mnunuzi anaondoka na gunia na ushee. Likifika Dar linavuliwa kilemba, viazi vinapandishwa kwenye mizani, vinauzwa kilo kwa kilo, na ghafla kila mtu ni muumini wa Sheria ya Vipimo. Kwa hiyo ukitaja bei ya gunia la Njombe, usieleze ni gunia la namna gani. Ukieleza, msikilizaji mwerevu ataanza kujiuliza nani hasa anaibiwa, na jibu huenda lisiwe mtu wa Dar.

Debe nalo lina tabia. La kununulia kwa mkulima limetanuliwa tumbo. La kumuuzia mlaji limebonyezwa kitako. Yote mawili ni debe, na ukiapa mahakamani kwamba ni debe hutafungwa.

Halafu lipo fungu, chombo ninachokiheshimu kuliko vyote. Gengeni kwa mama wa mtaani kwetu bei ya nyanya haipandi. Nenda leo, nenda baada ya miezi mitatu, nyanya za mia tano zipo palepale juu ya meza. Kinachobadilika ni idadi. Zikifurika sokoni, fungu lina nyanya sita za kushiba. Zikiadimika zinabaki tatu, moja imekaa juu kwa uzuri wake, nyingine imelazwa chini kwa sababu upande wake wa pili una mambo yake. Mchicha ni vilevile: bei ileile, kamba ileile, majani ndiyo yamepungukiwa na wenzao. Chapati ya mama ntilie inalinda mzingo wake na kuachia unene, mpaka ukiiinua unaona mteja wa meza ya pili. Ni mfumuko wa bei wenye adabu zake. Hautangazwi, hauandikwi ubaoni, na anayetaka kuugombania inabidi ahesabu nyanya mbele za watu, jambo ambalo mtu mzima hafanyi. Kwa mlinganishi ni mgodi. Unaweza kuapa, bila uongo wowote, kwamba nyanya za Dar na za Ilula zote ni mia tano. Au unaweza kuzihesabu. Inategemea siku hiyo unamtetea nani.

Njiani

Nauli ya basi haiingii kwenye bei ya viazi. Ulikwenda msibani, viazi umevikuta hukohuko. Ushuru pia usikutie wasiwasi. Mwaka 2017 bajeti ya Serikali ilishusha ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2, na anayehamisha mzigo usiofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachiwa apite. Upo salama, maana hakuna shangazi aliyewahi kumpa mtu tani. Tatizo ni kwamba konda hakusoma bajeti ile. Anakitazama kiroba chako cha viazi, anakutazama wewe, anataja bei ya kupanga kwenye buti la basi lake. Ukishuka Mbezi Louis usiku, kuli atakuwa amekwishakibeba kabla hamjapatana, na bodaboda atakuuliza unakwenda wapi ilhali usoni mwako ameshasoma Chanika. Hayo yote yaandikie safu yake kwenye daftari, safu ya usafiri, na daftari ulifunge.

Kiazi cha biashara kina safari ndefu kuliko ya kwako. Kimetembea kama kilometa 700. Kimechaguliwa na dalali wa kijijini, kimepakiwa, kimelipiwa ushuru, kimeteremka Kitonga kwa gia ndogo, kimesubiri kwenye mizani ya malori, kimeingia Mabibo alfajiri, kimekabidhiwa kwa dalali wa mjini ambaye hajawahi kukigusa, kimeshushwa na kuli, kimelipiwa ushuru tena, kimepanda guta, kimefika gengeni Sinza. Kila mmoja amekila kidogo bila kukimenya. Lawama zote zinamwangukia mwenye genge kwa sababu yeye ndiye wa mwisho na ndiye anayeonekana, tena mara nyingi ni mwanamke aliyeamka saa tisa usiku kukifuata. Mlinganishi makini humlaumu yeye huyohuyo. Dalali hana meza, utamkuta wapi?

Lipo pia soko la tatu, ambalo si la jiji wala la mji mdogo, na wengi hulisahau. Ni dirisha la basi. Ruaha Mbuyuni vitunguu vinakufuata hadi puani, Ilula nyanya ziko kwenye vindoo vinavyong'aa. Bei hapa haitokani na mavuno wala mafuta ya dizeli, inatokana na mguu wa dereva. Akisimama dakika tano, mnapatana kama binadamu. Akigusa breki tu, unanunua kwa bei ya kwanza inayotajwa. Na ukitoa noti ya elfu kumi kununua vitunguu vya elfu tatu huku basi linaanza kuondoka, umenunua vitunguu vya elfu kumi. Muuzaji atakimbia hatua kadhaa na chenji mkononi, kwa heshima, ili abiria wenzako wawe mashahidi kwamba alijaribu.

Saa moja mbele konda anasimama katikati ya basi na kutangaza: dakika kumi, kuchimba dawa na chakula. Mnashuka kwenye hoteli ya barabarani ambayo jirani yake ni mbuyu. Chipsi zimekaangwa asubuhi. Kuku ni robo ya robo. Bei iliyobandikwa ukutani ni ya Posta Mpya jijini, na mnyonge anailipa kwa sababu mlo mwingine upo kilometa 200 mbele, ukizuiwa na dakika kumi hizohizo. Dereva na konda wamekaribishwa chumba cha ndani, na sijamsikia abiria aliyewahi kuwaona wakilipa. Viazi vya chipsi zile huenda vimelimwa mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Ukimwelewa mwenye hoteli hii, umeelewa kwamba bei ya chakula haijali ukubwa wa mji. Inajali kama mlaji ana mahali pengine pa kwenda. Lakini usiliseme hilo barazani, litaua mjadala.

Vitu vya kutotaja

Mtetezi wa mkoani asiguse kitu chochote kilichotoka bandarini au kiwandani. Asitaje mafuta ya kula, asitaje unga wa ngano wala mkate. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo za mafuta ya magari, wilaya kwa wilaya, na ukiisoma orodha unaona bei ikipanda kadiri lori linavyojongea mbali na bahari mpaka huko Kagera. Chochote kinachopanda lori lile kinapanda nayo. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, Bodi ya Sukari ilitoa bei elekezi na kuzigawa kwa kanda, maana hata serikali ilijua kilo ya Dar na kilo ya mbali haziwezi kuwa ndugu. Wenye maduka, wa jijini na wa mbali, walizisoma bei hizo na kuendelea na zao.

Mtetezi wa jiji, kwa upande wake, aende Sumbawanga akatafute nazi. Akitaka kushinda kwa kishindo, aulizie pweza.

Na wote wawili wajihadhari na mji uliopatwa na bahati. Machimbo yakifunguliwa, mpaka ukichangamka, Bunge likikaa Dodoma, bei hazisomi tena ramani. Mfano usiopingika ni kijiji cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011, watu walipomiminika kwa mzee aliyejulikana kama Babu kutoka kila upande wa nchi na nje yake. Kikombe cha dawa, kwa imani ya waliokinywa, kilikuwa cha magonjwa sugu, na kiliuzwa shilingi 500. Sahani ya wali pembeni ya foleni ilikuwa na bei ya kumrudishia mtu ugonjwa.

Mshahara, kwa kifupi

Watakuambia ulinganisho wa bei bila kipato ni kazi bure. Ni kweli, na ndiyo sababu kipato hakifai kutajwa. Mwalimu wa Tukuyu na wa Temeke wenye ngazi moja wanalipwa sawa. Ngazi ya mshahara haiulizi bei ya ndizi. Kima cha chini cha sekta binafsi kwetu kinapangwa kwa aina ya kazi. Wenzetu Kenya wameigawa amri yao ya mishahara kwa maeneo, Nairobi na majiji makubwa juu, miji midogo chini yake, kwingineko chini zaidi. Kwa hesabu ya karatasi, mwalimu wetu wa Tukuyu ndiye tajiri: ndizi nje ya dirisha, maziwa kwa jirani. Basi muulize aliyeomba uhamisho mwaka huu ameomba kwenda wapi.

Mtu anayevuruga hesabu

Sasa yupo mtu mmoja ambaye lazima umwondoe kwenye daftari mapema, la sivyo atakuharibia kila kitu. Anaishi Manzese. Anaishi pia Njombe mjini, mtaa wa nyuma ya stendi, na anaishi Kahama. Huyu hanunui gunia, hanunui debe, hanunui hata kilo. Anakuja dukani na kikombe chake kupimiwa mafuta ya mia tano. Unga ni nusu. Sukari ya mia mbili, majani ya chai ya hamsini, chumvi anaomba. Kesho atarudi tena kwa vipimo hivyohivyo, kwa sababu fedha yake inakuja kwa siku na haijawahi kukaa hadi Ijumaa ikangojea punguzo la jumla.

Piga hesabu ya lita moja kwa kujumlisha vikombe vyake vyote, utakuta amelipa zaidi ya yule wa Masaki aliyenunua dumu la lita tano na kuliweka stoo akalisahau. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula Tanzania Bara kuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata kama shilingi 1,125. Mwenye kiasi hicho mfukoni asubuhi hawezi kununua kwa bei rahisi popote, awe amesimama Kariakoo yenyewe au kwenye soko la kijiji kilicholima, maana bei rahisi huanzia kwenye ujazo asioufikia. Tofauti anayoijua yeye ni kati ya kupimiwa na kununua kwa jumla, na ipo mita 10 kutoka mlangoni kwake.

Unaona anavyovuruga? Umekuja kulinganisha Dar na Njombe, yeye amekuonyesha kwamba mitaa miwili ya Dar imeachana bei kuliko miji hiyo. Mtoe. Barazani hayupo hata hivyo. Saa hizi yupo kazini.

Viazi vya bure

Kila ulinganisho unahitaji hitimisho la ushindi, na hapa mtetezi wa mkoani ana silaha ambayo mwenzake hana: mzigo wa nyumbani. Dar hakuna anayekupa kitu. Mkoani unaondoka umesindikizwa. Shangazi anakataa katakata usipande basi mikono mitupu, anawatuma vijana shambani kukiwa bado na umande, na kiroba kinashonwa mbele yako kwa kamba ya katani, kilemba kikiwemo. Ukiuliza kiasi gani anakasirika. Basi umepata viazi kwa bei isiyoshindika, na ukivitaja kwenye mazungumzo hakuna soko la Dar litakalokujibu.

Baada ya siku mbili tatu simu italia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, wote wazima."

"Viazi vilifika salama?"

"Vilifika shangazi, tunakula. Ahsante sana."

"Haya, kuleni. Vikiisha semeni. Sasa baba, yule mdogo wako wa kidato cha tatu, shule wamemrudisha. Wanasema mchango, tena na sare ile ya michezo. Nikasema ngoja nimwambie kaka yake, maana baba yake unamjua."

Usimkatize. Msikilize hadi mwisho, uliza jina litakalotokea kwenye simu, tuma pamoja na ya kutolea. Kisha fungua daftari, safu ya Njombe, mstari wa viazi, na uandike kwa mwandiko unaosomeka: bure.